Doki ya laptopu ni nini, na kwa nini laptopu huzima ukiichomeka

Neno doki limetoka bandarini. Meli ikifika gatini hufungwa kamba, na kwa muda huo inapata kila kitu kutoka nchi kavu: maji, mafuta, shehena kupanda na kushuka. Laptopu nayo ni hivyo hivyo. Doki yake ni kiboksi kinachokaa mezani: asubuhi unafika ofisini, unachomeka waya wake mmoja, na papo hapo una chaji, skrini mbili kubwa, kibodi, kipanya, intaneti ya waya na printa. Jioni unachomoa waya huo mmoja, unaweka mashine begani, unaondoka.

Zamani gati lilikuwa gati kweli. Mwaka 1992 Apple ilitoa PowerBook Duo, laptopu ndogo yenye matundu ya kuhesabu, na Duo Dock yake ilikuwa sanduku lililoimeza laptopu nzima kama deki inavyomeza kanda ya video. Baadaye zikaja zile za kuikalisha laptopu juu yake mpaka isikike "ka!" Kila kampuni ilikuwa na umbo lake, na doki ya hawa haikuingia kwenye mashine ya wale. Siku hizi wengi tunatumia waya wa USB-C, na karibu doki yoyote inaingia kwenye karibu laptopu yoyote. Inaingia, ila kama zitaelewana ni jambo jingine kabisa, na usumbufu wote unaanzia hapo.

Wengi huichukulia doki kama ekstensheni yenye matundu mengi. Ekstensheni haina akili. Ukiipa umeme inaupitisha, basi. Doki ina chipu ya kugawa umeme, chipu ya picha, chipu ya USB, kadi ya mtandao, na ndani ya hizo mna programu zake, ambazo huzeeka na kuwa na kasoro kama programu nyingine yoyote. Ukichomeka, kabla hata skrini haijawaka, yanafanyika mazungumzo ndani ya waya. Doki inataja volti na ampea ilizonazo, laptopu inachagua inayoitaka. Kisha wanagawana zile njia nne za kasi zilizomo kwenye USB-C: ngapi zibebe picha, ngapi zibebe data. Mazungumzo hayo yakienda mrama, au mmoja akikatika katikati ya sentensi, wewe unachokiona ni laptopu "kukrashi".

Ndiyo maana mtu akiniambia laptopu yake inakrashi kwenye doki, swali langu la kwanza ni: inakufaje? Kwa sababu watu huita krashi vitu vitatu visivyo na undugu.

Kuna inayozima giza, tii, bila neno. Hiyo mara nyingi ni habari ya umeme.

Dada mmoja mhasibu hapa Dar es Salaam aliniita ofisini kwake. "Kaka, hii mashine ina jini. Kila nikianza kufunga hesabu za mwezi inazima." Nikamuuliza, na nyumbani je? "Nyumbani haina neno kabisa." Laptopu ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya, doki akainunua kwingine. Nikavuta kiti, nikamwambia afanye kazi yake kama kawaida. Alama ya chaji ilikuwa inaonekana pale pembeni, lakini asilimia zilikuwa zinashuka: 41, 40, akafungua faili la pili, 38. Ilipofika 31, puu, giza. Betri iliyochoka huwa inadanganya, na 31 yake ilikuwa sifuri iliyovaa kanzu.

Nikaingia chini ya meza kusoma adapta ya doki: 20V, 3.25A. Zidisha, unapata wati 65. Kibandiko chini ya doki yenyewe kilikuwa kinadai 20V na 6.5A, yaani wati 130. Aliyemuuzia alimpa adapta yoyote iliyokubali kuingia kwenye tundu. Sasa katika wati hizo 65, doki hula zake kwanza. Simu ya dada ilikuwa inachajiwa hapo hapo, na diski ya nje inazunguka. Laptopu ikabaki na makombo, pengo likazibwa na betri, na betri yenyewe ajuza. Nyumbani alikuwa anatumia chaja ya laptopu moja kwa moja, ndiyo maana jini hakuwa anamfuata. Tulibadilisha adapta, basi.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, soma vibandiko. Doki iliyoandikwa wati 100 haimaanishi laptopu itapata zote 100. Na usiusahau waya. Waya wa USB-C unaoruhusiwa kupitisha zaidi ya ampea 3 lazima uwe na kachipu kadogo cha kujitambulisha. Usipokuwa nacho, chaji huishia wati 60 hata kama doki ni ya kifalme. Waya wa simu na waya wa doki kwa macho ni mapacha, na kwenye meza yenye nyaya saba hakuna anayejua upi ni upi. Laptopu kubwa za wahandisi na za wacheza magemu nazo zina kesi yao: nyingi zinakunywa zaidi ya wati 100, ambazo ndizo zilikuwa kikomo cha USB-C mpaka kiwango kipya cha wati 240 kilipotangazwa mwaka 2021. Ukiichomeka mashine ya namna hiyo kwenye doki ya kawaida, itajikongoja, au itakula betri huku imechomekwa.

Halafu kuna hili linalotuhusu sisi ambao umeme hukonyeza. Laptopu ina betri, doki haina. Umeme ukikatika kwa nusu sekunde tu, laptopu haitikisiki, lakini doki imekufa na kufufuka. Kwa laptopu hiyo ni sawa na mtu kuchomoa kwa mpigo mmoja skrini mbili, kadi ya mtandao na diski ambayo ilikuwa inaandikwa. Mashine nzuri huvumilia. Nyingine hugandia hapo hapo, au huanguka sekunde chache baadaye, wakati taa imesharudi na wewe umesahau kwamba ilikonyeza. Nimeona watu wakiunganisha UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, na skrini wakaiacha doki kwenye ukuta. Kama una tundu moja tu la UPS lililobaki, mpe doki.

Aina ya pili ya kifo ni kuganda. Skrini za nje zinakuwa nyeusi au zinapepesuka, kipanya hakisogei, lakini muziki unaendelea kuimba. Hapo shuku picha. Kwenye Windows bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Utasikia mlio mfupi, skrini itapepesa, na kadi ya picha itakuwa imewashwa upya bila kuzima mashine. Ikizinduka, umeshajua mgonjwa ni nani.

Hapa inafaa kujua kwamba doki hupeleka picha kwa njia mbili tofauti sana. Ya kwanza, picha inatoka kwenye kadi ya picha ya laptopu yenyewe na waya unaibeba tu. Ya pili ni DisplayLink: prosesa ya laptopu inaiminya picha, inaituma kama data ya kawaida ya USB, na chipu ndani ya doki inaikunjua. Hii ya pili inategemea moja kwa moja draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Draiva ikiwa ya zamani kuliko Windows yako, tegemea vituko. Doki nyingi za aina hiyo zimeandikwa DisplayLink kwenye boksi au kibandiko, na watu hawasomi. Nimekuta mtu ameshabadilisha skrini mbili kabla hajapakua draiva hiyo hata mara moja.

Njia ya kwanza nayo ina mpaka wake. Kama njia mbili kati ya zile nne zimechukuliwa na USB ya kasi, mbili zilizobaki kwenye doki nyingi haziwezi kubeba picha ya 4K, ile yenye nukta nyingi sana, ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde bila kuminywa. Zinaiweza kwa mara 30. Kwa jaribio la haraka, punguza skrini hadi 1920 kwa 1080 na uache moja tu imechomekwa. Kama kuganda kumekoma, ulikuwa unabebesha punda mzigo wa lori.

Aina ya tatu ndiyo inayotisha watu lakini mimi naipenda: skrini ya bluu, ambayo kwenye Windows 11 za karibuni imegeuzwa kuwa nyeusi. Naipenda kwa sababu inaongea. Usiizime kwa hasira; piga picha kwa simu. VIDEO_TDR_FAILURE ni kadi ya picha: Windows huingoja sekunde 2 ijibu, isipojibu inajaribu kuiamsha, ikishindwa inaangusha mashine yote. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE mara nyingi utaikuta laptopu inapolala au kuamka ikiwa kwenye doki, kwa sababu kuna kifaa, mara nyingi kadi ya mtandao iliyo ndani ya doki, kilichoambiwa kilale kikakataa au kiamke kikashindwa. Dawa ni draiva mpya ya kadi hiyo; isiposaidia, fungua Device Manager, ingia kwenye kadi, kisha kwenye ukurasa wa Power Management ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni vifaa vyenyewe kulalamika, na hapo hata joto huhusika. Laptopu iliyofungwa kifuniko na kusukumwa nyuma ya skrini, ukutani, haipumui.

Ukipitwa na skrini hiyo, kumbukumbu zipo. Andika perfmon /rel kwenye sehemu ya kutafutia, utaona kalenda ya siku ambazo mashine ilianguka. Ndani ya Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta Kernel-Power namba 41, na watu wengi hushangilia kwamba wamepata sababu. Hawajapata. Namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Ni cheti cha kifo ambacho daktari ameandika: amefariki.

Doki za Thunderbolt zinastahili neno lake. Tundu ni lile lile la USB-C, ila pembeni pana kialama cha radi. Kuanzia Thunderbolt 3 ya mwaka 2015 kasi yake hufika gigabiti 40 kwa sekunde au zaidi, na tofauti kubwa ni kwamba inaingia mpaka kwenye PCI Express, barabara kuu ya ndani ya kompyuta ambako kadi za picha na diski za kasi hupita. Doki ya USB ya kawaida inabisha hodi mlangoni. Hii imeshakaa sebuleni. Ndiyo maana kasoro ndogo ya Thunderbolt, au waya unaolegea, inaweza kuiangusha mashine nzima pale ambapo USB ya kawaida ingepoteza kipanya tu. Kwa hizi, BIOS ya laptopu (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows) na programu ya ndani ya doki ni vya kusasisha kwanza, kutoka tovuti ya mtengenezaji. Fanya hivyo betri ikiwa imejaa na doki ikiwa kwenye UPS: umeme ukikatika katikati ya usasishaji, doki inaweza isiamke tena.

Kwenye kutafuta chanzo, kosa ninalolikuta kila mahali ni watu kukimbilia kupiga Windows upya. Siku nzima imepotea, mafaili nusu hayajulikani yalipo, na waya mbovu bado uko pale pale. Mimi huanza na kitu cha bure: chomoa doki, tumia laptopu na chaja yake kwa siku mbili. Ikianguka bila doki, umeshaiondolea doki kesi. Isipoanguka, irudishe ikiwa tupu, bila chochote isipokuwa chaji, baada ya kuichomoa ukutani kwa dakika nzima. Kisha ongeza skrini moja. Nusu siku. Waya wa mtandao. Diski. Inachosha, ndiyo, lakini kitu kilichoongezwa mwisho kabla ya kuanguka ndicho cha kuhojiwa.

Ukiwa humo humo, usidanganywe na kipanya kisicho na waya kinachorukaruka. Matundu ya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa ya gigahetzi 2.4, yale yale yanayotumiwa na vipanya hivyo, na kidude chake kikichomekwa nyuma ya doki karibu na diski kinazibwa masikio. Hiyo si krashi. Kihamishie upande mwingine wa laptopu.

Mwisho omba doki ya jirani mezani kwako kwa saa moja, na yako mpe yeye. Kama yako imeangusha na mashine yake pia, hapo peleka dukani ukiwa na risiti, adapta yake na ule waya wake wa asili, maana bila waya ule kitu cha kwanza watakachokuuliza dukani ni waya.