Si kila uvimbe wa shingoni ni rovu
Wengi huamini kuwa uvimbe wowote wa shingoni ni rovu (goita, yaani kuvimba kwa tezi ya shingo), na dawa yake ni chumvi yenye madini joto. Rovu hukaa mbele, chini ya koromeo, na hupanda ukimeza: simama kwenye kioo, piga funda la maji, utazame. Uvimbe wa ubavuni mwa shingo, chini ya taya, mara nyingi ni tezi za limfu, zile za kinga ya mwili. Kwa nadra uvimbe huota kwenye panda ya ateri, mshipa wa damu uendao kichwani; huo husogea kushoto na kulia, si juu na chini, na huweza kudunda. Usiuminye. Kuukata kipande cha kupima huweza kuvujisha damu nyingi, hivyo picha za ndani ya mwili, CT au MRI, hutangulia upasuaji. Mwingi wa aina hiyo, kwa bahati, si saratani.