Rizista kwenye sensa ya hewa haiongezi nguvu ya injini

Hapa Mtwara bado kuna madereva wanaoaminishwa kwamba kufunga rizista, kifaa kidogo cha kuongeza ukinzani wa umeme, kwenye sensa ya joto la hewa kunaipa injini nguvu. Si kweli. Ukinzani wa sensa hiyo hupanda hewa inapopoa, kwa hiyo rizista huidanganya kompyuta ya gari kwamba injini inavuta hewa ya baridi, iliyoshonana zaidi, nayo humwaga petroli zaidi. Hewa yenyewe haijaongezeka hata chembe, na joto letu la pwani ni lilelile! Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hugundua mafuta yamezidi, kompyuta ikayapunguza. Ukikanyaga mpaka mwisho, marekebisho hayo husimama: moshi mweusi, plagi zenye masizi, hata masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi) kuungua. Fedha hiyo nunulia eya klina (chujio la hewa ya injini) mpya, hasa kama unapita barabara za vumbi.