Pini na zip tai za kwenye droo, porini zina kazi kuliko unavyodhani

Watu wakija kwenye mafunzo yangu ya huduma ya kwanza ya porini wanataka tuongelee visu na matochi makubwa makubwa, mi naanza na pini. Ile inayojifunga yenyewe, ncha inaingia kwenye kofia yake. Walter Hunt aliipatia hataza Marekani mwaka 1849 halafu akauza haki zake kwa dola 400 tu, walionunua ndo wakala hela.

Kazi yake kubwa ni kushikilia mkono ulioumia. Mtu kaanguka, kifundo cha mkono kimevimba, unahisi mfupa umevunjika na hamna kitambaa cha kuuning'iniza shingoni. Mwambie akunje kiwiko, mkono ulale tumboni, we chukua pindo la mbele la shati lake ulipandishe juu mpaka limeze mkono wote uwe kama uko mfukoni, kisha ulibane kifuani kwa pini, moja upande wa kiganja, nyingine upande wa kiwiko. Vidole viache nje, ukiona vinapauka au vinapoa, legeza. Halafu usichome kitambaa hivihivi kikiwa tabaka moja, kikunje mara mbili kwanza la sivyo kitachanika mkiwa bado hamjafika popote, na pini ilale mlalo maana uzito unavuta chini, ukiisimamisha wima tundu linapanuka na pini yenyewe inaanza kufunguka.

Mwiba je? Pitisha ncha motoni, iache ipoe, futa masizi, fungua ngozi kidogo juu ya mwiba ulivyolala kisha uusukume utoke. Usichimbe. Na kuna ule ushauri wa zamani wa kumchoma pini ulimi mtu aliyezimia ili usizibe koo, jamani achaneni nao kabisa, mlaze ubavu, kichwa kirudi nyuma kidogo, basi.

Dira ya pini kila mtu anaipenda. Unaisugua kwa sumaku ya spika mbovu, upande mmoja tu bila kurudi nyuma, unaiweka juu ya jani kwenye maji yaliyotulia inajigeuza kaskazini na kusini. Ila haikwambii kaskazini ni ncha ipi, hiyo utaijua kwa jua, na kama jua unaliona hiyo dira ya nini sasa? Pini ya shaba nayo haishiki sumaku, usihangaike. Ndoano ya samaki inawezekana, lakini waya wa pini ni mgumu, ukiukunja baridi unakatika, upashe moto mpaka uwe mwekundu kwanza.

Zip tai sasa, vile vikamba vya plastiki vyenye meno, mkia ukipita kwenye kufuli ya kichwani haurudi. Soli ya kiatu ikiachia, zungusha mbili mbele ya kiatu na kufuli zikae juu pembeni, usiziweke chini utakanyaga. Turubai likichanika tundu la kamba, weka kijiwe laini kwenye kona, kivishe turubai mpaka kitokeze kama kichwa, funga zip tai shingoni mwake, kamba ifungie hapohapo, inashika vizuri ajabu. Na usiikate ukitaka kuitoa, ndani ya kufuli kuna kiulimi kinachong'ata meno, kiinue kwa ncha ya pini huku unavuta mkia unarudi, unaitumia tena.

Ila damu inayoruka usiifunge kwa zip tai hata siku moja! Ni nyembamba mno, inakata nyama na mishipa ya fahamu huku damu ya ndani inaendelea kutoka. Gandamiza kidonda kwa nguvu, na ikibidi kufunga tumia kitambaa kipana, angalau sentimita 4, ukikaze kwa kuzungusha kijiti na uandike saa uliyofunga.

Misumari na klipu za karatasi zina kazi ndogo ndogo tu, klipu inafaa zipu iliyokatika kishikio. Mi natembea na pini kubwa nne nimezichomeka ndani ya mkanda wa begi, zip tai nimezikunja chini, nachagua nyeusi kwa sababu zinavumilia jua, zile nyeupe zikikaa juani sana zinakuwa kavu na kukatika ukizivuta.