Fremu ya jina kubwa: ile hela ya ziada unalipia nini hasa?

Kwenye kliniki yetu ya macho haipiti siku bila mtu kusimama mbele ya kioo na fremu mbili mkononi, moja ina jina kubwa ubavuni na nyingine haina jina lolote la maana, bei zimepishana mara tatu au nne, anageuka anatuuliza hivi hii ya ghali ina faida gani kweli au nalipia jina tu. Ni swali zuri sana na naomba nilijibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona watu wengi mno wanamaliza bajeti yote kwenye fremu alafu wakifika kwenye lenzi ndo wanaanza kubana, na kinachokufanya uone ni lenzi, fremu kazi yake ni kuishikilia mahali pake.

Tuanze na jina. Kampuni nyingi za mitindo ya mavazi hazitengenezi miwani zenyewe, wanatoa jina lao kwa mkataba kwa kampuni ya miwani, kampuni inatengeneza na mwenye jina anapata fungu lake katika kila fremu inayouzwa. Kampuni inayojulikana zaidi hapa ni Luxottica ya Italia, Leonardo Del Vecchio aliianzisha mwaka 1961 kule Agordo, mwanzoni ikitengeneza vipuri tu vya miwani kwa ajili ya wengine. Jina la miwani la Ray-Ban ni lao tangu 1999, Oakley tangu 2007, na miwani za majina ya mitindo kama Prada na Versace wanazitengeneza kwa mkataba. Mwaka 2018 wakaungana na Essilor ya Ufaransa ambao ni watu wa lenzi, ndo ikawa EssilorLuxottica. Kwa hiyo unaweza kuwa unashindanisha majina mawili pale kwenye kabati kumbe wote wametoka nyumba moja. Sisemi ni fremu mbovu, nyingi ni nzuri tu, ila ujue kwamba sehemu ya bei yako inalipia mkataba, matangazo na lile jina, na hiyo sehemu haifiki puani kwako.

Sasa ubora wenyewe unauonaje? Mimi fremu ikija mezani siangalii jina, nafungua mkono wa fremu taratibu naangalia bawaba. Bawaba nzuri inafunguka kwa uzito fulani, hailegei wala haikwami, na ukiinama uangalie kwa karibu utaona vile vijino vya chuma vinavyopishana, vikiwa vitano kwa kawaida inavumilia kuliko ya vitatu, na sehemu iliyoingia kwenye plastiki iwe imeshikwa imara sio imebandikwa juu juu. Hapo ndo fremu nyingi za bei ya chini zinapofia. Sio kioo wala rangi, ni pale kwenye kiungo unapofungua na kufunga kila siku asubuhi na usiku.

Baada ya hapo mali iliyotumika. Asetati ni plastiki inayotokana na pamba au mbao, fremu inakatwa kwenye bamba zima kwa hiyo rangi imeingia mpaka ndani, ikipauka inasuguliwa inang'aa tena, na tukiipasha moto inalainika tunaikunja ikae vizuri nyuma ya sikio lako. Plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu ni rahisi zaidi kutengeneza na mara nyingi ni nyepesi, ila rangi iko juu tu na inaweza kuchubuka, na nyingine hazikubali kukunjwa kabisa, ukilazimisha inarudi ilivyokuwa au inavunjika. Kwa chuma, titani ni nyepesi, haishiki kutu na watu wengi wenye ngozi nyepesi kudhurika wanaivumilia. Chuma chenye nikeli ndo kinasumbua wengine, utaona mtu ana wekundu na muwasho pale mkono wa miwani unapogusa panja, pembeni ya uso, anadhani ni jasho. Kama hereni au kifungo cha suruali huwa vinakuwasha, hapo ongeza hela ununue titani bila kusita, na titani nzuri zipo hata kwa watengenezaji wasio na jina lolote kwenye mitindo.

Lakini kama kuna kitu kimoja ningependa ukishike ni saizi. Ndani ya mkono wa fremu kumeandikwa namba, mfano 54 kisha 18 kisha 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja, ya pili ni nafasi ya juu ya pua, ya tatu ni urefu wa mkono, zote milimita. Jumlisha 54 na 18 unapata 72. Sasa tuseme umbali kati ya mboni zako mbili ni milimita 60, maana yake kitovu cha kila lenzi lazima kisogezwe ndani milimita 6 ili kikae mbele ya mboni, na upande wa nje lenzi inabaki kubwa. Kwa mtu asiyeona mbali mwenye namba kubwa ya macho, yaani anayehitaji lenzi yenye nguvu, lenzi yake ni nyembamba katikati na nene pembeni, kwa hiyo ule ukubwa wote wa nje unageuka kuwa unene na uzito. Alishakuja kwetu mama mmoja mwenye namba karibu hasi 8, alikuwa amenunua fremu ya jina, pana, ya mtindo, na lenzi zikawa zimetoka nje ya fremu kama kitako cha chupa, pua imebonyea pande zote mbili. Tulimtafutia fremu ndogo ya duara isiyo na jina, nyembamba, mboni ikakaa karibu na katikati ya lenzi, na lenzi zikapungua unene kabla hata hatujagusa aina ya lenzi yenyewe. Alivaa akanyamaza kidogo, akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia mapema. Hilo swali huwa linaniuma mpaka leo.

Na wewe unayehitaji miwani ya kuona mbali na karibu kwa pamoja, usichukue fremu yenye kimo kifupi sana, sehemu ya kusomea itakatwa. Na kama miwani inagusa mashavu ukicheka au inateleza kila ukiinama, tafuta yenye vipedi vya pua vinavyorekebishika.

Mpangilio wangu wa hela ni huu: kwanza vipimo sahihi, pili lenzi pamoja na koti la kuzuia mng'ao, na kama namba ya macho ni kubwa lenzi ya 1.60 au 1.67 (kipimo cha jinsi lenzi inavyokunja mwanga) iwe nyembamba, tatu fremu inayokukaa yenye bawaba imara, na kikibaki ndo unaweza kuongeza jina. Kwa mtoto weka hela kwenye lenzi ya polikaboneti isiyovunjika kirahisi, fremu itakuwa ndogo kwake haraka mno.

Je jina lina faida yoyote? Ndiyo ipo. Baadhi ya kampuni kubwa zinauza mkono mmoja ukivunjika, zina dhamana, na modeli inakaa sokoni muda mrefu, ukiwa mtu wa kubadilisha lenzi tu na kubaki na fremu ileile miaka, hiyo ina thamani. Na kuipenda miwani yako ni jambo la kweli, mtu anayejisikia vizuri anaivaa, asiyejisikia anaiacha kwenye droo na macho yanateseka. Ila uhakikishe ni ya kweli, za bandia zenye jina maarufu hujui chuma gani kimetumika, na ukibadilisha lenzi unaweza kuona fremu inapasuka mkononi.

Kabla hujalipa ifungue, iweke kichwa chini juu ya meza bapa. Ikiyumba, mkono mmoja uko juu kuliko mwingine, mwambie fundi airekebishe hapohapo ukiwa umeivaa, na baada ya wiki mbili urudi akaze skrubu.