Ufadhili wa masomo ya sayansi: yanayosemwa vijiweni Arusha na Moshi, na yalivyo kweli

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali ni lile lile kuanzia Ilboru hadi Old Moshi: kijana ana PCM (fizikia, kemia na hisabati) nzuri, ufadhili unapatikana wapi? Majibu hayakosekani. Shida ni kwamba mengi yametoka kwa mtu aliyesikia kwa mtu, na yanawagharimu vijana nafasi ambazo akili zao zingeweza kuzipata.

"Mkopo wa Bodi na skolashipu ni kitu kimoja, zote ni hela za serikali."

Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ni deni. Ukishaajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi liishe. Kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, ni ruzuku na hairudishwi. Watu wanazichanganya kwa sababu Bodi ndiyo inayozisimamia zote mbili. Skolashipu hiyo inawalenga waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika tahasusi za sayansi na wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Mwenye alama hizo hizo akichagua sheria, hayumo.

Wapo wanaoacha kuomba mkopo kwa sababu wana uhakika wa skolashipu. Hiyo ni kamari. Dirisha la mkopo lina tarehe yake, na kabla ya kuomba cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Anayeanza kuhangaikia uhakiki wiki ya mwisho huwa amechelewa.

"Nelson Mandela pale Tengeru wanachukua wa kidato cha sita na kuwasomesha bure."

Hawachukui. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011 kwa ajili ya masta na PhD tu. Ufadhili wake kwa kiasi kikubwa unatoka kwenye miradi ya utafiti. Vituo vyake vya CREATES, kinachoshughulikia kilimo na lishe, na WISE-Futures, cha maji na nishati, vilianzishwa chini ya ACE II, mradi wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri Afrika. Kwa hiyo mwombaji wa masta pale asiishie kuuliza kama kuna skolashipu. Aulize ni mhadhiri gani ana mradi unaoendelea, mradi unahusu nini, na una nafasi ya mwanafunzi au la. Wa kidato cha sita au cha nne anayetaka uhandisi bila kuhama Arusha, mlango wake ni Chuo cha Ufundi Arusha, na wa fani za afya upande wa Moshi ni chuo kikuu cha tiba cha KCMC, kilichojulikana kama KCMUCo.

"Bila Division One ya pointi tatu usijisumbue."

Inategemea fedha ni za aina gani. Zipo zinazofuata alama, zipo zinazofuata kipato cha familia, na zipo ambazo kimsingi ni malipo ya kazi utakayofanya chuoni.

Chukua shahada ya kwanza Marekani. MIT, Harvard, Princeton na Yale hawatazami uwezo wa kulipa wanapomchagua mwanafunzi, hata anayetoka nje ya nchi. Ukishachaguliwa, wanapima kipato cha kwenu na kufidia pengo. Mtoto wa mkulima wa kahawa Kibosho anaweza kulipiwa karibu kila kitu, wa mfanyabiashara mkubwa akachangia. Kigingi pale ni kuchaguliwa, maana wanaoomba ni wengi mno, na MIT ilirudisha sharti la mtihani wa SAT au ACT mwaka 2022.

Ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, una sura nyingine. Ukiomba shahada ya kwanza kupitia ubalozi, unafanya mtihani wao wenyewe. Kwa uhandisi ni hisabati, fizikia na kemia, pamoja na lugha. Alama zako za NECTA zinakufikisha kwenye chumba cha mtihani, na ndani ya chumba hicho kinachokubeba ni karatasi ya siku ile. Mitihani ya miaka iliyopita imewekwa wazi mtandaoni. Kwetu mtu wa PCM anaijua mada nzima vizuri lakini hajazoea kufanya maswali mengi mafupi kwa kasi, na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Anayepita analipwa kama yeni 117,000 kwa mwezi, na mwaka wa kwanza unakwenda kwenye Kijapani.

"GPA yangu ni 3.8, kwa hiyo najaza 3.8."

Kosa hili halisemwi sana, na ndilo linaloua maombi ya watu wenye uwezo. Vyuo vyetu vinahesabu GPA, yaani wastani wa alama, kwa 5.0: daraja la kwanza ni kuanzia 4.4, la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3. Marekani wanahesabu kwa 4.0. Ukiandika 3.8 kwenye kisanduku kinachosema "kati ya 4.0", umejipa alama usizokuwa nazo, na mkaguzi akifungua transkripti anaona udanganyifu. Ukiigawanya mwenyewe kwa hesabu ya kienyeji unaweza kujipunja. Andika 3.8 kati ya 5.0 kama fomu inaruhusu. Kama hairuhusu, soma maelekezo ya chuo husika. Vingi vinasema wazi usibadilishe.

Ujerumani mambo yamegeuzwa: 1.0 ndiyo alama bora na 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu. Vyuo vingi vinatumia kanuni hii: chukua alama ya juu kabisa, toa alama yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Kwetu alama ya juu ni 5.0 na ya kufaulu ni 2.0. Kwa GPA ya 3.8 inakuwa 1.2 kugawanya kwa 3.0, yaani 0.4, mara 3 ni 1.2, ongeza 1, unapata 2.2. Mwenye 3.5 anaangukia 2.5 kamili, na 2.5 ndicho kikomo ambacho kozi nyingi za masta zinakiweka. Mwenye 3.4 anakwenda 2.6 na kutoka nje. Fanya hesabu hii kabla ya kulipia chochote.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: transkripti nyingi zina maelezo ya madaraja upande wa nyuma. Ukienda steshenari wakaskani mbele tu, msomaji wa Bonn au Delft hana namna ya kujua A yako inaanzia ngapi. Skani pande zote mbili, ziwe faili moja la PDF, na uangalie ukubwa wake usizidi kikomo cha mfumo unaojaza.

"Tafuta barua ya mkubwa: mbunge, askofu, mkuu wa wilaya."

Barua ya askofu itasema umelelewa vizuri na familia yako ni ya waumini. Kamati ya masta ya uhandisi wa umeme haitafuti hilo. Inataka kusikia kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi: aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho, aliyekufundisha somo gumu, injinia aliyekusimamia mafunzo kwa vitendo. Mhadhiri wa kawaida anayeandika kwamba saketi yako ya kwanza iliungua, ukagundua kwa nini, ukabadilisha muundo na ikafanya kazi, anakubeba kuliko cheo chochote.

Wahadhiri wana shughuli nyingi, hivyo mwombe wiki nne au tano kabla, na umpe kila kitu kwa pamoja: jina la ufadhili, tarehe ya mwisho, wasifu wako, transkripti, na mistari michache ya kumkumbusha ulifanya nini kwenye somo lake. Mifumo mingi inamtumia kiungo moja kwa moja kwenye baruapepe ya chuo, nacho mara nyingi kinaishia kwenye takataka. Mpigie umwambie akitafute humo. Barua zilizoandikwa na mwombaji mwenyewe zikapelekwa kutiwa saini zinajulikana haraka, kwa sababu zote tatu zinafanana lugha.

"Kwenye barua ya maelezo, eleza shida zako wakuonee huruma."

Hali ya familia ina mahali pake, tena pa lazima, kwenye fedha zinazopima kipato. Kwingineko sentensi mbili zinatosha. Msomaji anatafuta tatizo unaloliona, unalijua kwa kiasi gani, na kwa nini kozi hii na si nyingine.

Linganisha mianzo miwili ya mwombaji wa masta ya uhandisi wa maji. Wa kwanza: "Nimetoka familia duni na tangu utoto nimekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yangu." Wa pili: "Eneo la Maji ya Chai, Meru, visima vingi vina floraidi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wanakua na meno ya kahawia. Mkaa wa mifupa unaiondoa, lakini ukishashiba lazima ubadilishwe, na kaya nyingi haziwezi kupima ni lini umeshiba. Nataka kusoma kozi yenu kwa sababu ya maabara yenu ya vichujio." Wa pili hajasema neno lolote kuhusu umaskini wake, na ndiye anayeitwa kwenye usaili.

"Huwezi kwenda PhD bila masta."

Ulaya kwa sehemu kubwa ni kweli. Marekani sivyo: idara nyingi za sayansi na uhandisi zinampokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye PhD, na fedha zinatoka idarani. Utafundisha semina au utafanya kazi maabara, ada unalipiwa na posho unapata. Hakuna fomu ya skolashipu ya pembeni. Kuomba chuo ndiko kuomba fedha. Ada ya maombi huwa kama dola 75 hadi 100 kwa chuo kimoja, lakini vyuo vingi vinaisamehe ukiomba kabla ya kutuma. Vingi vinafunga maombi mwanzoni mwa Desemba, na vyuo vilivyotia saini makubaliano ya 15 Aprili havikulazimishi kujibu kuhusu fedha kabla ya tarehe hiyo.

"Ufadhili kamili maana yake huitoi hata shilingi."

Utaitoa, tena mapema. Pasipoti ni shilingi 150,000. Mtihani wa Kiingereza ni gharama kubwa, na matokeo ya IELTS au TOEFL yanahesabika miaka miwili tu, kwa hiyo usiufanye kabla hujajua utaomba wapi. Kozi nyingine zinaridhika na barua ya chuo kwamba umesomeshwa kwa Kiingereza. Balozi ziko Dar es Salaam, hivyo weka nauli na malazi ya kwenda na kurudi. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita anahitaji kipimo cha kifua kikuu kwenye kituo kinachotambuliwa.

Soma pia fedha inagawanywaje. Erasmus Mundus, ufadhili wa masta wa Umoja wa Ulaya, inatoa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, lakini nauli, viza na kodi ya nyumba vinatoka humo humo, na kwa kawaida malipo ya kwanza yanaingia ukishafika. Tiketi ya ndege lazima uwe umeshaitafutia hela. DAAD ya Ujerumani kiwango cha mwezi ni kidogo zaidi, ila bima wanalipa na nauli wanachangia. Hesabu ya mwisho inaweza kukaribiana.

"Wakala mjini ana konekshini."

Chevening ya Uingereza, DAAD, MEXT na Türkiye Bursları ya Uturuki hazitozi ada ya maombi. Mtu anayetaka umtumie pesa kwenye namba yake ya simu "ili jina lipite" anauza hewa.

"Umri umekwenda", "hizi ni za wavulana."

Soma sharti la ufadhili husika. Erasmus Mundus haina kikomo cha umri. Türkiye Bursları kwa shahada ya kwanza inataka uwe chini ya miaka 21, na hapo kijana aliyerudia kidato au kukaa nyumbani mwaka mmoja anaweza kukosa. Chevening inadai saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, kwa hiyo anayemaliza chuo mwaka huu asubiri. Wanawake wana za kwao pia: Faculty for the Future ya Schlumberger Foundation inalipa hadi dola 50,000 kwa mwaka kwa PhD na utafiti wa baada yake.

"Mwisho ni tarehe fulani, bado nina usiku mzima."

Angalia saa ya nani. Mfumo unaofunga saa 5:59 usiku kwa saa za Ulaya ya kati wakati wa baridi, kwetu ni saa 7:59 usiku. Wa New York kipindi hicho ni saa 1:59 asubuhi ya kesho yake. Chevening imekuwa ikifunga saa 6 mchana ya Uingereza, ambayo kwetu ni saa 8 au saa 9 alasiri kulingana na majira yao. Anayerudi kazini jioni akakae kwenye kompyuta atakuta pamefungwa. Na majina yako yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA na pasipoti. Yosefu hapa na Joseph pale ni suala la kiapo cha wakili, na kiapo hakipatikani saa 7 usiku.