Sindano ya sukari haikazi mgongo
Juzi gatini hapa Lamu, hamali aliyekuwa akiteremsha simenti aliniuliza, mkono kiunoni: "Ndugu yangu, ile sindano ya maji ya sukari wanayodunga mgongoni kweli hukaza mgongo?"

Dhana hiyo ni ya siku nyingi. Miaka ya 1950 daktari mpasuaji wa Marekani, George Hackett, alieneza wazo kwamba ukidunga kano (nyuzi zinazofunga mifupa) kwa dawa ya kuwasha, zitavimba kidogo kisha zipone zikiwa imara. Siku hizi hutumika glukosi, yaani sukari. Kwa hiyo sindano hiyo hailishi mgongo nguvu. Kusudi lake ni kuuchokoza.

Mwaka 2004 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya wagonjwa 110 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baadhi walidungwa glukosi ya asilimia 20 yenye dawa ya ganzi kidogo, wengine maji ya chumvi tu. Pande zote mbili zilipata nafuu ya kweli, tena ya kudumu, ila sukari haikuishinda chumvi. (Kwa goti lililosagika ushahidi una matumaini zaidi kidogo, lakini goti si mgongo.)

Nilimsihi hamali yule apunguze mizigo, asiache kutembea, na miguu ikifa ganzi au mkojo ukimponyoka, aende hospitali siku hiyo hiyo.