Mtoto Akidhalilishwa, Usimkogeshe Kwanza

Mama aliingia na mwanawe saa nne asubuhi. Mtoto wa miaka minane, kavaa gauni la sikukuu lililopigwa pasi, kichwa kimesukwa upya, mafuta ya nazi yanang'aa kwenye paji la uso. Alinukia sabuni. Mama alikuwa na kikapu, na ndani yake kanga mbili na nguo ya ndani ya mtoto, zote zimefuliwa, zimekauka, zimekunjwa vizuri. "Nimemkogesha mara tatu," akanambia. "Nisingeweza kumtoa mbele za watu vile alivyokuwa."

Nimebadilisha mambo madogo madogo ya kisa hiki ili mtoto yule asitambulike hata na jirani wa ukuta mmoja. Ile sabuni sikuibadilisha. Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii hapa Pemba nimeinusa kwa watoto wengi. Na mama yule hakuwa mzembe hata kidogo. Alifanya lile tulilolelewa nalo sote: kumsitiri mtoto. Kwa mapenzi yake mwenyewe akafua alama za mtu aliyemdhalilisha mwanawe kijinsia, akazianika juani.

Naandika kwa ajili ya mzazi, bibi, shangazi, mwalimu na jirani ambaye kesho au usiku huu atajikuta mahali pa mama yule. Naandika pia kwa ajili ya kijana anayesoma haya peke yake, kwenye simu aliyoiazima. Kwake nitafika.

Nianze na saa, kwa sababu saa ndizo zinazotuponyoka. Mtoto aliyeingiliwa anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, lakini lazima aanze kuzimeza ndani ya saa 72, na kila akianza mapema ndiyo bora zaidi. Akishaanza, anazimeza siku 28 bila kuruka. Msichana aliyekwishavunja ungo anaweza kupewa kinga ya mimba ndani ya siku tano, ila nguvu yake inapungua kila siku inayopita. Na alama zinazobaki mwilini na kwenye nguo, zile ambazo maabara ya Mkemia Mkuu inaweza kuzisoma, hupotea kwa maji, kwa choo, kwa muda tu.

Sasa tuhesabu. Tukio limetokea Ijumaa baada ya laasiri. Usiku mama anamwambia baba. Jumamosi wanakaa kikao cha ukoo. Jumapili wanamsubiri mjomba aje na boti kutoka Unguja, maana yeye ndiye mwenye kauli. Jumatatu asubuhi mjomba anataka kuzungumza kwanza na upande wa pili. Ikifika Jumatatu laasiri, mlango wa zile dawa umefungwa, na hakuna daktari wa kuufungua tena. Mjomba na aje, ila amkute mtoto keshatibiwa.

Kwa hiyo, ukishajua, mpeleke hospitali vile vile alivyo. Asikoge, asibadilishe nguo kama anaweza kuvumilia. Akishabadilisha, usifue chochote. Kila nguo itie kwenye bahasha yake ya khaki, au izungushie gazeti safi. Usitumie mfuko wa nailoni, kwa kuwa unyevu ukifungiwa humo unaozesha kila kitu. Mletee nguo nyengine ya kuvaa, kwa sababu zile tutabaki nazo. Na kama keshakoga, kama siku zimepita, kama mwezi umepita, njooni pia. Mtoto wa gauni la sikukuu alikuwa bado ndani ya saa zake, dawa alipata. Tena daktari asipoona jeraha lolote, hiyo si hoja kwamba mtoto kasema uongo. Miili ya watoto hupona haraka, na watoto wengi waliodhalilishwa hawana jeraha la kuonekana kabisa.

Pa kwenda panaitwa Kituo cha Mkono kwa Mkono. Cha kwanza Zanzibar kilifunguliwa hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, vikafuata vyengine Unguja na Pemba, kikiwamo cha hospitali ya Chake Chake. Jina lenyewe linaeleza kazi. Zamani mtoto alikuwa akianzia polisi, anasimulia. Anapelekwa hospitali, anasimulia. Anarudishwa polisi na fomu, anapelekwa ustawi, anasimulia tena, kila pahala mbele ya foleni ya watu. Katika kituo hiki daktari, askari, afisa ustawi na mshauri nasaha wanafanya kazi pamoja, na mtoto anapokewa kutoka mkono mmoja hadi mwengine. Fomu ya polisi, ile PF3, inapatikana hapo hapo. Ukitangulia hospitali kabla ya polisi hujavunja utaratibu wowote. Huduma hailipiwi.

Kwa anayeishi Kojani, Makoongwe au Tumbatu, najua habari ni nyengine: kuna maji kupwa, kuna chombo cha kusubiri, kuna nauli. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, waanze wanachoweza, wakuandikie rufaa na wapige simu mbele. Mwambie sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yako, akusaidie usafiri. Hiyo ni kazi yake.

Nimetaja sheha, na hapa lazima nisimame. Sheha ana wajibu wa kupokea taarifa ya mtoto aliyedhalilishwa na kuifikisha polisi na ustawi wa jamii. Hana mamlaka ya kuisuluhisha. Imamu hana, mkuu wa ukoo hana, mimi sina. Kubaka na kulawiti ni jinai. Anayeshitaki ni serikali kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka, na mzazi hawezi kusema "nimesamehe, futeni". Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamlinda hata dhidi ya jamaa zake mwenyewe.

Lakini sheria inakutana na muhali, ile haya ya kumkatalia au kumwaibisha mtu wako wa karibu. Aliyezaliwa visiwani hahitaji kuelezwa neno hili. Muhali ndio unaotufanya tusimnyime jirani chumvi, tusimwangushe mtu mbele ya watu, tuzikane na tuozane bila kuhesabiana. Naupenda. Umenilea. Na huo huo ndio nimeuona ukikaa kitako sebuleni, mwenye kosa akiwa ni baba mdogo, au mwalimu wa chuoni, chuo cha Kurani, anayeheshimiwa na mtaa mzima, au jirani aliyewahi kumlipia mgonjwa wenu nauli ya kwenda Unguja. "Tutamtazamaje mamake?" Fedha zinawekwa juu ya mkeka. Wakati mwengine inatajwa mikarafuu. Wakati mwengine, Mungu atusitiri, inatajwa ndoa, na mtoto anakabidhiwa kwa yule yule. Mtoto yuko chumba cha pili, anasikia kila neno. Hakuna aliyemuuliza kama na yeye anaona muhali.

Mtu aliyesuluhishwa hivyo habadiliki, anahamia mtoto mwengine. Nimekaa na ndugu watatu wa nyumba moja, mkubwa akiwa na miaka kumi na saba, waliodhuriwa na mtu mmoja kwa zamu ya umri wao. Yule mkubwa alikuwa amesuluhishiwa.

Kuhusu mahakama nitasema kwa ufupi na kwa ukweli. Tangu 2021 Zanzibar ina mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji, Unguja na Pemba, ili kesi hizi zisipotee katikati ya nyengine. Hata hivyo hakimu hawezi kuhukumu bila mashahidi, na kesi nyingi hufa kwa sababu familia imeacha kuja. Chagueni mtu mmoja wa ukoo, mwenye moyo mgumu na daftari, awe ndiye mwenye tarehe zote na ndiye anayempeleka mtoto. Msaada wa kisheria bila malipo mnaweza kuuomba Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, chenye ofisi hapa Pemba pia, au kwa wanasheria wanawake wa ZAFELA.

Wapo walioambiwa na ofisi fulani "rudini Jumatatu". Mkiambiwa hivyo msirudi nyumbani. Nendeni hospitali moja kwa moja, na mpige 116. Hiyo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haikati salio, na anaweza kuipigia mtoto mwenyewe au mtu mzima yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto. Huhitaji kuwa na uhakika, kuthibitisha ni kazi ya wengine. Katika vituo vya polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, uongee faraghani, usisimulie kwenye kaunta.

Jambo jengine ni namna ya kumsikiliza mtoto. Watoto hawaji na hadithi nzima. Wanarusha kipande kidogo kama anayejaribu kina cha maji kwa kijiti: "Sitaki kwenda chuoni leo." "Fulani ana mchezo mbaya." Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Ana pipi na hela ambazo hujui zilikotoka. Ukiona, kaa naye chini mahali patulivu, muulize "ikawaje?" kisha unyamaze. Usimtajie mtu, usimtajie kitendo, usimwambie "mbona hukupiga kelele?" Wengi hawapigi kelele, mwili unaganda. Akisema "kanifanyia tabia mbaya", liandike hivyo hivyo kwenye karatasi, na kama ana jina lake mwenyewe la kiungo cha mwili, liandike hilo hilo, usimsahihishe. Maneno yake ya kwanza, kwa lugha yake, yana uzito mahakamani kuliko maneno yetu mazuri. Halafu mwambie mambo matatu: nimekuamini, hukukosea, tunakwenda kupata msaada. Usimwahidi kuwa hutomwambia mtu, kwa sababu utalazimika kumwambia daktari, na kuvunjiwa ahadi kutamuumiza zaidi.

Wavulana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 juu ya utoto wao. Kwa upande wa Zanzibar, kiasi cha wasichana 6 kati ya 100 walisema waliwahi kufanyiwa udhalilishaji wa kijinsia kabla ya kutimia miaka 18. Wavulana walikuwa 9 kati ya 100. Nikiwasomea wazazi mikutanoni huniomba nirudie, wakidhani nimegeuza. Mtoto wa kiume tunamwacha alale popote, aende dago, kambi ya uvuvi, na wavuvi, apande pikipiki na yeyote, tukiamini hana cha kuharibiwa. Akidhuriwa, analetwa kwa kuchelewa mno au haletwi kabisa, kwa kuogopa jina atakaloitwa mtaani. Ana haki ya dawa zile zile, chumba kile kile, sheria ile ile.

Sasa wewe kijana.

Huenda lililokupata ni la juzi, huenda ni la miaka mitatu iliyopita. Huenda ulipokea zawadi, ulikwenda kwake kwa miguu yako, mwili wako ulifanya jambo ambalo unaona haya kulikumbuka. Hakuna katika hayo linaloihamisha dhambi ile kutoka kwake kuja kwako. Kama mtu ana picha zako na anakutisha kwamba atazisambaza, usimpe pesa na usimtumie picha nyengine, atataka zaidi. Usifute ujumbe wake. Piga picha ya mazungumzo na namba yake, kisha mwoneshe mtu mzima au askari wa dawati. Kutengeneza na kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na anayepaswa kuogopa ni yeye.

Kama mtu mzima wa kwanza uliyemwambia alikunyamazisha, tafuta wa pili. Bibi, mwalimu wa skuli, nesi, mama wa rafiki yako. Kama wazo la kutoishi linakujia, hilo liseme leo, usilipeleke kesho, hata kama mengine yote hujawa tayari kuyasema.

Na kama hakuna uso unaoweza kuutazama ukasema, kuna 116. Azima simu dukani ikibidi, haitomkata mwenyewe hata shilingi. Kama simu ni ya nyumbani na unamwogopa anayeishika, ifute namba ukishamaliza. Toka nje kidogo, kwenye kelele za watoto wanaocheza, au upande wa kisimani pasipo mtu. Si lazima uanze na jina lako. Unaweza kunyamaza kwanza, wamezoea kungoja. Sentensi ya kuanzia unaweza kuichukua hapa: "Kuna mtu ananifanyia jambo baya, na naogopa." Jambo la kwanza watakalotaka kulijua ni kama hapo ulipo sasa hivi uko salama.